Ndege ya rimoti imegoma: tafuta tatizo la mota na betri kabla hujatoa hela

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Mmoja anatuma ujumbe wa sauti toka Masasi: "Kaka, mota inatetemeka tu, haizunguki." Mwingine yuko Lindi mjini, anasema betri imejaa lakini ndege ikipanda kidogo inakata. Wa tatu yuko hapa hapa Mtwara, Shangani. Ameagiza mota mpya Dar es Salaam, amesubiri, imekuja na basi, ameifunga, na tatizo liko pale pale. Huyu ndiye anayenisikitisha kuliko wote, maana hela imekwenda na mota ya zamani ilikuwa nzima.

Toka Kariakoo hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500. Ukikosea kutambua kilichoharibika, unalipia kifaa, unalipia nauli ya mzigo, halafu unaanza upya. Ndiyo maana nasema jifunze kupima kwanza. Kwa huku pwani, mota ndiyo inayosingiziwa sana na ndiyo mara chache yenye kosa. Tatizo likitafutwa vizuri hukutwa kwenye betri iliyochoka au kwenye plagi iliyoliwa na chumvi.

Mwongozo huu ni wa ndege ndogo za umeme zenye betri ya lipo (lithiamu-polima) na mota isiyo na brashi, ile yenye nyaya tatu. Kwa mifano nitatumia mpangilio ambao wengi huanza nao: betri ya seli tatu ya 2200 mAh (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri), mota ya saizi 2212 yenye 1000 kv (yaani mizunguko 1000 kwa dakika kwa kila volti ikiwa haina mzigo), ESC ya ampea 30 na propela ya inchi 10 kwa 4.5. ESC ni kile kifaa kinachokaa kati ya betri na mota na kudhibiti mwendo. Kama yako ni tofauti, hatua ni hizo hizo, namba ndizo zitabadilika.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Multimita yoyote, hata ile ya bei nafuu wanayotumia mafundi redio.
- Kipima seli, kile kidogo kinachochomekwa kwenye plagi nyeupe ya betri. Hiki usikikose.
- Chaja inayosawazisha seli na kuonyesha imerudisha mAh ngapi.
- Taa ya mbele ya gari ya volti 12, aina ya H4, ile yenye nyuzi mbili ndani. Hata iliyotumika inafaa.
- Pasi ya kuchomelea, risasi, msasa laini, spiriti, mswaki wa zamani na oili ya cherehani.
- Bisibisi ndogo na kamba imara.
- Chungu cha udongo, na ndoo ya mchanga mkavu. Chukua mchanga wa kujengea au wa mtoni. Wa ufukweni una chumvi na unyevu, usiutumie karibu na betri.
- Daftari. Andika kila namba unayopima, kwa sababu vipimo vya leo vinapata maana ukivilinganisha na vya mwezi uliopita.

Namba za kukaa nazo kichwani ni chache. Seli moja ya lipo iliyojaa ni volti 4.2, hivyo seli tatu ni 12.6. Ya kuhifadhi ni kati ya 3.8 na 3.85. Ukitua, ikishapumzika, isiwe chini ya 3.7. Ikishuka chini ya 3.0 inaanza kufa, na nyingine hazirudi.

Hatua ya 1: Vua propela

Vua kabisa, iweke mezani. Vipimo vyote hadi hatua ya 9 vinafanyika bila propela. Mota hii ikishtuka wakati vidole viko karibu, inakata hadi mfupa, na hushtuka hasa pale unapochezea nyaya au kupanga kijiti cha resi. Watoto wakikuzunguka kuangalia, waambie wakae nyuma ya ndege, wasikae mbele wala pembeni kwenye usawa wa propela.

Hatua ya 2: Ikague betri kwa macho na mkono

Ilaze juu ya kitu kilicho sawa. Imevimba? Ganda limechanika? Kuna harufu tamu kama ya rangi ya kucha? Kona imebonyea baada ya ndege kuanguka? Jibu likiwa ndiyo kwa mojawapo, usiichaji na usiendelee na vipimo. Nenda sehemu ya mwisho inayohusu betri iliyokufa. Najua betri ni ghali na inauma kuiacha, lakini lipo iliyovimba ikishika moto ndani ya nyumba, kuuzima ni kazi ngumu mno.

Uvimbe mdogo unaoonekana betri ikiwa ya moto na kuisha ikipoa ni onyo la mapema. Betri hiyo inabebeshwa mzigo kuliko uwezo wake.

Hatua ya 3: Chaji vizuri, kisha pima kila seli

Chaji kwa mpangilio wa lipo, seli 3, ukiwa umechomeka plagi nyeupe ya kusawazisha. Kasi iwe 1C, yaani ampea sawa na ujazo wa betri: kwa betri ya 2200 mAh weka ampea 2.2. Weka betri ndani ya chungu, chungu kiwe juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia na godoro, na wewe uwepo. Usichaji ukiwa umelala. Usichaji betri iliyotoka kuruka sasa hivi ikiwa bado ya moto, isubiri ipoe.

Umeme ukikatika katikati, chomoa chaja ukutani usubiri urudi na utulie. Chaja nyingi za kusawazisha hupokea pia volti 12, kwa hiyo betri ya gari au ya sola inakuvusha bila shida.

Ikishajaa iache nusu saa, halafu chomeka kipima seli. Seli zote zinapaswa kuwa karibu sawa, tofauti isizidi volti 0.03 hivi. Seli moja ikiwa nyuma kwa 0.1 wakati chaja imemaliza kusawazisha, hiyo seli ina tatizo, iandike kwenye daftari kwa namba yake. Zikiwa sawa, usishangilie bado.

Hatua ya 4: Ipe betri kazi uone inavyojibu

Hapa ndipo wengi wanapotea. Mtu anapima betri ikiwa imelala, anaona 12.6, anasema betri nzima, tatizo ni mota. Betri iliyochoka huonyesha 12.6 vizuri tu ikiwa haina kazi. Uchovu wake unaonekana pale inapoombwa ampea.

Taa ya H4 ndiyo njia ninayoipenda, kwa sababu inaipima betri peke yake bila ESC wala mota kuingilia. Mwombe fundi umeme wa magari akuunganishie nyuzi zote mbili ziwake kwa pamoja, na akuwekee plagi inayolingana na ya betri yako. Zikiwaka zote, taa inavuta karibu ampea 9. Tumia kwa betri ya seli tatu tu. Seli nne zitaiunguza taa.

1. Ilaze taa juu ya tofali au kigae. Usiguse kioo, kinachoma haraka.
2. Chomeka kipima seli kwenye plagi nyeupe ya betri, usome namba za seli zote tatu.
3. Unganisha taa. Hesabu sekunde 30 huku ukisoma seli moja baada ya nyingine.
4. Chomoa, andika.

Betri nzima iliyojaa itashuka kidogo, tuseme toka 4.18 hadi 4.05, na seli zote zitashuka pamoja. Zikishuka zote hadi karibu 3.8, betri imezeeka. Bado inaweza kuendesha ndege nyepesi inayoelea, lakini usiitegemee kwa ndege nzito. Ikiwa moja imeporomoka hadi 3.6 wakati nyingine mbili ziko 4.0, umeshampata mwizi. Hiyo seli moja ndiyo inayokuzimia ndege angani, kwa sababu ndege inavuta ampea maradufu ya zile za taa na mporomoko nao unakuwa maradufu.

Neno moja kuhusu ile namba ya C iliyoandikwa kwenye betri. 2200 mAh kwa 25C ni ampea 55 kwenye karatasi. Mimi huchukulia nusu yake na sijajuta. Betri ya bei ya chini iliyoandikwa 60C haiwi na nguvu kwa sababu ya wino.

Hatua ya 5: Plagi na viungio

Betri ikifaulu, fuata waya. Hewa ya Mtwara na Lindi ina chumvi. Inaingia ndani ya nyumba, inakaa juu ya kila kipande cha shaba, na ndege inayorushwa karibu na bahari inaipata mara mbili. Chomoa plagi ya betri na uichungulie kwenye mwanga wa jua. Kwenye XT60 (ile plagi ya njano ya betri) iliyokaa vizuri, dhahabu inang'aa hadi chini. Iliyoathirika utaiona ina unga wa kijani kwenye shina la pini, dhahabu imepauka, na plastiki ya njano imegeuka kahawia kuzunguka pini moja. Kahawia hiyo ni alama ya joto. Pini haigusi vizuri, umeme unapita kwenye njia nyembamba, na panapopita pembamba panaungua.

Sugua kwa mswaki wenye spiriti hadi kijani kitoke, acha ikauke. Kisha tazama pini za upande wa ESC. Zina mipasuko iliyozigawa ncha, na zikitumika sana mipasuko hiyo inajifunga na pini inakuwa nyembamba. Ingiza ncha ya kisu kidogo kwenye mpasuko uipanue kidogo mno. Plagi ikichomekwa inapaswa kukaza, ikataka nguvu kuitoa. Ikiteleza kama kisu kwenye siagi, badilisha plagi nzima. Pini hizi za upande wa ESC hazina umeme betri ikiwa imechomolewa, kwa hiyo hapa kisu hakina hatari. Kwenye upande wa betri usiingize chuma chochote.

Kisha vuta kila waya taratibu pale ulipochomelewa. Risasi iliyoshika vizuri ni laini na inang'aa. Iliyokaa kama donge la kijivu lenye chembechembe haikupata joto la kutosha, na ikitetemeshwa angani inaachia. Ichomelee upya. Ukibadilisha plagi ya betri, kata na chomelea waya mmoja, ufunike, ndipo uguse wa pili. Kukata nyaya mbili kwa mkasi kwa pamoja ni kupiga shoti mkononi mwako.

Hatua ya 6: Sikiliza mota inavyolia

Washa rimoti kwanza, kijiti cha resi kiwe chini kabisa, ndipo uchomeke betri kwenye ndege. Utasikia milio. Watu wengi hudhani ESC ina spika ndani. Haina. Inayolia ni mota yenyewe, koili zake zinatetemeshwa na ESC. Hilo pekee linakupa majibu mengi:

- Hakuna mlio na sevo (vimota vidogo vinavyosogeza usukani wa ndege) hazisogei: umeme haufiki. Rudi hatua ya 5, au ESC imekufa.
- Hakuna mlio lakini sevo zinasogea: ESC inapata umeme na inalisha risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti ndani ya ndege), ila nyaya za mota zimeachia au ESC imeungua upande wa mota.
- Inalia mara kwa mara haraka bila kutulia: ESC haioni kijiti kikiwa sifuri. Shusha kijiti na kitufe chake cha kurekebisha.
- Inalia mlio mmoja mmoja kwa kusubiriana: haipati taarifa toka risiva. Angalia waya wa ESC umechomekwa kwenye nafasi ya resi na haujageuzwa, na kama rimoti na risiva zimefungamana.

Maana ya milio hutofautiana kati ya ESC na ESC, hivyo karatasi iliyokuja na yako ndiyo yenye neno la mwisho. Nyingi hulia idadi ya seli zilizoziona. Ukiwa na seli tatu na ikalia mara mbili, betri ilichomekwa ikiwa imeisha, na ESC itaishusha kupita kiasi ikidhani ni ya seli mbili. Chomoa hapo hapo.

Hatua ya 7: Pangilia kijiti cha resi

ESC mpya, au rimoti uliyobadilisha, hufundishwa juu na chini ya kijiti. Hakikisha propela bado iko mezani. Pandisha kijiti juu kabisa, chomeka betri, subiri milio miwili ya haraka, shusha chini kabisa, subiri milio ya kukubali. Mota inayoanza kuzunguka kijiti kikiwa nusu, au inayofika mwisho kabla kijiti hakijafika, hutibiwa na hatua hii tu. Kama ukipandisha kijiti ESC inaona umeshusha, geuza njia ya resi kwenye rimoti kisha urudie.

Hatua ya 8: Mota mkononi

Chomoa betri. Zungusha mota kwa vidole. Utasikia sumaku zikishika na kuachia kwa hatua sawasawa. Hiyo ni kawaida. Isiyo ya kawaida ni mkwaruzo wa mchanga, shafti inayocheza upande kwa upande, au sehemu moja inayokaza kila mzunguko.

Mkwaruzo ni mchanga au kutu kwenye beringi. Safisha kwa spiriti, kausha, tia tone moja la oili ya cherehani kila beringi. Tone moja. Oili ikizidi inakusanya vumbi, na ukiwa Newala au Nachingwea kiangazi vumbi hilo unalijua. Shafti inayocheza inahitaji beringi mpya. Inayokaza sehemu moja, chungulia ndani: sumaku imeachia gundi, au imenasa kipande cha chuma.

Halafu angalia skrubu zilizofunga mota kwenye ndege. Hili kosa linaua mota nyingi kuliko watu wanavyodhani. Skrubu ndefu kupita kiasi inapenya chini na kugusa koili, inakwangua vanishi, na mota inapiga shoti. Ukibadilisha skrubu, pima urefu wake dhidi ya ile ya zamani. Tumia multimita kwenye mlio wa kuunganika: ncha moja kwenye waya wowote wa mota, nyingine kwenye shafti. Isilie. Ikilia, koili zimegusa mwili wa mota.

Hatua ya 9: Nyaya tatu

Mota inayotetemeka huku na huku bila kuanza, au inayoanza na kukoroma, mara nyingi imekosa waya mmoja kati ya mitatu. Chomoa pini zote tatu kati ya mota na ESC.

Zungusha mota ikiwa haijaungwa na chochote. Inapaswa kuwa nyepesi. Kisha gusanisha nyaya mbili zozote na uzungushe tena: itakuwa nzito, maana imegeuka jenereta inayolisha shoti. Jaribu jozi zote tatu. Uzito uwe sawa kwa kila jozi. Jozi ikibaki nyepesi, kuna waya uliokatika. Mota ikiwa nzito bila nyaya kugusana, koili zimeungana ndani, mpelekee fundi wa kuwainda (kusuka koili upya) akutazamie kama waya huo mwembamba anaumudu.

Mota ikiwa nyepesi peke yake lakini nzito mara tu ukiichomeka kwenye ESC, bila betri, basi ESC ndiyo iliyoungua. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi, na ndicho kingemwokoa yule wa Shangani.

Onyo kwa wenye mkasi: usifupishe nyaya zinazotoka ndani ya mota. Nyingi ni zile zile za koili, zimepakwa vanishi hadi mwisho, na risasi haishiki juu ya vanishi. Ukishazikata, lazima uikwangue kila uzi kwa msasa hadi shaba ionekane kabla ya kuchomelea.

Mota ikizunguka kinyume, badilishana nyaya mbili zozote kati ya tatu. Usiguse za betri. Kugeuza nyekundu na nyeusi za betri kunaiua ESC papo hapo.

Hatua ya 10: Propela na mzigo kamili

Sasa irudishe propela, maandishi yake yakitazama mbele ndege inakoelekea. Ikifungwa kinyume inavuma sana na kuvuta kidogo, na watu wanailaumu betri.

Funga mkia wa ndege kwa kamba kwenye mti au nguzo. Kipima seli kiwe kimechomekwa, na mtu mmoja aisome kwa nyuma. Pandisha resi taratibu hadi juu, shikilia sekunde 10, shusha. Betri iliyojaa na yenye afya itabaki juu ya 3.5 kwa kila seli. Ikishuka chini ya 3.3 hapo hapo, ama betri ni dhaifu ama propela ni kubwa mno. Ukiwa na kipima wati, ampea zisizidi asilimia 80 ya zile zilizoandikwa kwenye ESC.

Propela haina huruma. Ukitoka inchi 9 kwenda 10 kwa mzunguko ule ule, mzigo unaongezeka kwa karibu nusu. Ukihamia betri ya seli nne bila kupunguza propela, mzigo unazidi mara mbili. Wanaofunga propela waliyoipata kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani ndio wenye mota zinazonuka.

Hatua ya 11: Ruka kifupi, tua, gusa

Ruka dakika mbili, tua, chomoa betri, gusa. Mota, ESC na betri zote uweze kuzishika kwa starehe. Usiyoweza kuishika ndiyo yenye mzigo. Ndege za stairofomu, hasa zinazotengenezwa kwa maboksi ya samaki, hufungia joto ndani. Toboa tundu la hewa mbele, na la kutokea nyuma liwe kubwa kuliko la kuingilia.

Weka saa kwenye rimoti. Betri ya 2200 mAh ikivutwa ampea 20 mfululizo inaisha ndani ya dakika sita na nusu hivi, na wewe unatakiwa kutumia asilimia 80 tu, kwa hiyo dakika tano. Ukirudi nyumbani, tazama chaja imerudisha mAh ngapi. Zikizidi 1760, punguza muda. Kipindi cha kusi upepo unakula betri, basi anza kwenda upande upepo unakotoka ili urudi ukisukumwa.

Kabla ya kuruka ulizia kibali TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ukae mbali na viwanja vya ndege, cha Mtwara na cha Kikwetu kule Lindi.

Dalili na pa kuanzia

*Inakata resi angani, sevo zinafanya kazi, ukishusha kijiti na kupandisha inaamka kidogo.* ESC imeilinda betri isishuke zaidi. Hatua ya 4.

*Inakata, na ukitua ESC inachoma mkono.* Joto. Punguza propela, ongeza hewa, hatua ya 10 na 11.

*Kila kitu kinazima, sevo nazo.* Hii ndiyo ya hatari zaidi kwa watu walio chini. Plagi ya betri inaachia, au volti 5 ambazo ESC hulisha risiva na sevo zimezidiwa. Sogeza kila sevo kwa mkono uone kama kuna iliyokwama, na usiruke hadi ulipate tatizo.

*Cheche na mlio wa "pa" ukichomeka betri.* Kidogo ni kawaida. Chomeka kwa mkupuo mmoja, usisitesite, maana kusita ndiko kunakoila pini.

*Mtetemeko mkubwa, kelele imebadilika.* Propela imepasuka au shafti imepinda. Badilisha propela kwanza, hata kama huoni ufa.

*Nguvu ipo mwanzoni, inaisha nusu ya safari.* Betri iliyohifadhiwa ikiwa imejaa kwa wiki kadhaa kwenye chumba cha joto huzeeka hivi. Usiporuka leo wala kesho, ishushe hadi 3.8 kwa chaja au kwa ile taa. Usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani.

*Ndege ilianguka baharini.* Chomoa betri mara moja. Osha mota, ESC, risiva na sevo kwa maji baridi mengi ya bomba, kisha spiriti, kisha zikauke siku kadhaa kivulini penye upepo. Beringi zitiwe oili siku hiyo hiyo. Betri iliyonyweshwa maji ya chumvi iweke nje, mbali na nyumba, na isichajiwe tena.

Betri iliyokufa

Betri iliyoingia maji ya chumvi, yenye joto au inayofuka usiiunganishe na kitu. Iache nje ndani ya chungu chenye mchanga na ukae mbali nayo. Iliyovimba lakini ikiwa baridi, au iliyochoka tu, imalize nje. Iweke ndani ya chungu kwenye mchanga mkavu, iunge na taa ya breki ya pikipiki ya volti 12, na uiache hadi taa izime kabisa. Iache hapo siku nzima. Kisha kata waya mmoja, funga tepu, kata wa pili, funga tepu. Usiitoboe. Usiitupe kwenye shimo la taka la nyumbani, kwa sababu mashimo yetu yanachomwa moto na betri itashika humo. Usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu ikiwa bado na umeme, maana ataitupa kwenye gunia lenye misumari na makopo.

Ukiagiza nyingine toka Dar na mtu anakuja kwa ndege, aibebe kwenye begi la mkononi, plagi imefungwa tepu, isiingie kwenye mizigo ya chini. Kwa basi, akae nayo kwenye kiti, si kwenye buti.